Umati Ulioshangilia Kifuani Mwangu

Jumapili, alasiri. Joto limebana, upepo umekataa, na nguo za mtoto zimekaukia kambani tangu adhuhuri nami sijazianua.

Sauda amefanya jambo sasa hivi tu. Amelimwaga kapu la ndimu la bibi yake mkekani, akaanza kuzipanga. Sisemi kutawanya, hilo ningelielewa. Kazipanga: moja nyuma kabisa peke yake, mbele yake nyingine kwa mstari, halafu mstari mwingine, halafu mbili mbele zimekaa kama zinangoja kitu. Kisha akasimama, mikono kiunoni, akaitazama ndimu moja iliyosinyaa. Akaiambia, "Wewe umechoka. Kaa nje, pumzika." Akaitoa, akaifunika kwa pembe ya leso yangu, akaipigapiga mgongo ilale.

Hajatimiza hata miaka mitatu.

Maneno hayo si yake. Ni yangu. Namwambia kila siku mtu ambaye hayuko duniani, na kumbe mwanangu yuko hapo chini anasikiliza.

Kwanza nimecheka. Kisha uso ukaniwaka.

Nyinyi wachache mnaopita hapa kwenye blogu yangu mmezoea niandike habari za meno ya mtoto, au namna ya kuokoa wali ulioshika chini. Leo sina mapishi. Leo nina aibu, na nimekuja kuitua hapa kwa sababu humu ndani hakuna pa kuitua. Mavyaa, mama mzaa mume wangu, yuko chumbani kwake na tasbihi. Tangu turudi kwa jirani asubuhi, neno aliloniambia ni "chumvi" tu. Salim, mume wangu, yuko kazini Changamwe, na akirudi jioni dadake atakuwa keshampigia simu kumweleza yote. Najua atacheka. Heri angekuwa mtu wa kufoka.

Acha nianze na ugonjwa wenyewe.

Mimi ni kocha wa mpira.

Si mpira wa miguu na vumbi, ni wa simu. Kuna mchezo ambao wewe mwenyewe hupigi hata pasi moja. Kazi yako ni kuisimamia timu. Unanunua wachezaji, unauza, unapanga nani aanze na nani akae benchi, unawaambia wakabe au wafunguke, na mechi ikianza unakaa kutazama vidoa vya rangi vikikimbia kwenye kiwanja kidogo cha kijani. Hakuna sura wala miguu. Ni vidoa tu. Lakini umati wake unasikika kama umati wa kweli, na kidoa chako kikiwapita mabeki wawili moyo unaruka, wallahi, kama unavyoruka mtoto akikaribia jiko.

Mpira wenyewe sikuwahi kuupenda. Nilipokuwa mdogo ndugu zangu walikuwa wakibishana habari za timu mpaka chakula kinapoa, nami nikiwaona wajinga.

Salim aliponunua simu nyingine alinipa hii yake ya zamani. Alizifuta picha zake zote, mchezo akausahau. Wakati huo Sauda alikuwa mtoto wa mapajani: ukimweka kitandani macho pwaa, ukimrudisha mapajani analala. Basi nilikuwa nakaa vile vile, mgongo umekufa ganzi, mkono mmoja ndio huru. Siku moja nikaubonyeza ule mchezo nione ni nini. Ukaniambia nichague timu. Nikachagua kwa rangi ya jezi, zambarau na manjano, kama leso niliyoolewa nayo. Timu ya mji mdogo wa nchi ya theluji, jina lake mpaka leo silitamki sawasawa. Ilikuwa inaburuta mkia.

Halafu ukaja ujumbe. Msaidizi wangu ananiandikia. Mchezo ni wa Kiingereza, nami niliishia darasa la nane, lakini neno la kwanza nililielewa.

Kocha.

"Kocha, unaonaje tumwanzishe huyu kijana au tumweke benchi?"

Nikakaa na lile swali. Sijui kama mtanielewa. Katika nyumba hii mimi ndiye mke mdogo. Chumvi ni ya mavyaa, mtaa wa kukaa ni wa Salim, nguo za mtoto wifi yangu Rehema ana la kusema, na hata jina la mtoto lilikuja limeshaamuliwa. Sisemi ni watu wabaya. Wananipenda, na mimi nawapenda. Lakini hakuna anayeniuliza kisha akangoja. Huko kwenye simu mechi haianzi mpaka niseme. Wanaume wazima, wa nchi ya theluji, wamesimama na jezi zao wakimngoja mama mmoja wa mtaa wetu wa Shika Adabu aliyeshika mtoto amalize kufikiri.

Nikasema aanzishwe. Tukatoka sare. Nikahisi nimejenga nyumba.

Na si hilo tu linaloshika. Huko kila kitu kinaonekana. Kando ya jina la mchezaji kuna kisura kidogo: kijani ana raha, manjano ana jambo, nyekundu amekasirika. Kuna kijiti cha kuonyesha amechoka kiasi gani. Mtu akiwa na huzuni msaidizi anakuletea habari: kocha, fulani hana raha, ungependa kuzungumza naye? Unachagua la kumwambia. Umsifu, umpoze, umwahidi. Nawe ukisema vizuri kile kisura kinageuka kijani mbele ya macho yako. Niambieni, ni nyumba gani mtu anaweza kumwona mwenziwe moyo ukigeuka rangi?

Ila ahadi. Ahadi huko si mchezo. Ukimwahidi mchezaji atacheza kisha usimchezeshe, simu haisahau. Anaanza yeye kuwa mwekundu, anafuata rafiki yake, mara chumba kizima cha kubadilishia nguo kimekugeuka.

Mimi sikuwahi kuvunja hata moja.

Nina kipa, mzee, magoti yamekwisha, mimi namwita Mzee Kipa. Msaidizi ananisumbua nimuuze. Nilimwahidi kwamba atabaki kipa wangu mpaka siku tutakayopanda daraja, na sikumuuza. Nikiona kijiti chake kimeshuka namwambia kwa sauti, peke yangu, nikiwa nafua au namenya vitunguu, "Umechoka baba, kaa nje, pumzika." Wiki ifuatayo namrudisha. Nilikuwa nikijiona mtu mwema kwa jambo hilo.

Sasa nitaandika kuhusu Bi Zuhura, na hapo ndipo mkono unapokuwa mzito.

Bi Zuhura ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Ukuta wenyewe haufiki juu, juu ni nafasi ya hewa, kwa hiyo akikaanga samaki huku tunahesabu kama tumekaanga sisi. Mamangu yuko Kwale na miguu yake haimbebi safari. Nilipojifungua Sauda, aliyekuwa mamangu ni Bi Zuhura. Kila siku ya arobaini yangu alikuja kunikanda na maji ya moto, akaniwekea chetezo, nikasimama juu yake nimejifunika leso mpaka moshi wa udi unanitoka kwenye nywele. Yeye mwenyewe mtoto wa kike hakujaaliwa. Siku ya mwisho alinifunga leso mpya mwenyewe, akaniambia, "Mimi nimekufukiza wewe. Siku nitakayohitaji, wewe utanifukiza mimi."

Nikamjibu inshallah, nikidhani ni maneno ya kupendezesha siku.

Kisha mumewe akafa. Mzee Athmani alikuwa mtu wa redio. Jumamosi na Jumapili ukuta wetu ulikuwa ukivuma mpira tangu mchana, umati unapanda na kushuka, naye anawagombeza wachezaji kama watoto wake. "Mpe huyo! Mpe huyo, we punguani!" Na Bi Zuhura naye anamgombeza yeye. Siku aliyozikwa jambo la kwanza nililolisikia ni ukimya wa ule ukuta.

Bi Zuhura akaingia eda. Mjane haonekani nje, hajipambi, hajitii manukato, anakaa ndani mpaka siku zake zitimie. Anayemtaka ndiye amwendee. Na mimi nilimwahidi. Nilimshika mikono nikamwambia kila siku baada ya alasiri nitakuwa kwake, mimi na Sauda, tumpigishe soga. Naye akanikumbusha lile la zamani, kuwa siku ya kutoka eda mkono utakaomtia udi ni wangu, hataki wa mwingine.

Nilianza vizuri. Nilikwenda. Tulimenya njugu, tukacheka, tukalia.

Kisha timu yangu ikaanza kushinda.

Sitapamba. Alasiri ndiyo saa ambayo Sauda analala na mavyaa ameenda kuzuru watu. Ndiyo saa pekee niliyo mwenyewe. Nikawa najiambia mechi moja, kisha niende. Bi Zuhura akawa anagonga ukuta kwa mpini wa mwiko, koko, koko. "Mama Sauda! Umelala?" Nami najibu, "Naja, Bi Zuhura!" Jicho liko kwenye kidoa. Naja. Namaliza hii. Naja. Na adhana ya magharibi inanikuta pale pale.

Alikuwa akigonga kila siku.

Kisha siku moja moja.

Kisha akaacha kugonga.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilisema moyoni, ah, amezoea sasa. Bi Zuhura hana kisura kando ya jina lake. Hakuna msaidizi aliyeniandikia kuwa jirani yako hana raha, ungependa kuzungumza naye? Ningeona nyekundu ningekimbia. Nadhani ningekimbia.

Leo asubuhi ndiyo alikuwa anatoka eda.

Wanawake wa mtaa walijaa kwake. Mavyaa alikuwa ndani anamwandalia maji ya kuoga, wifi Rehema amekuja na sinia la vitafunio, na bibi mmoja anayesomesha Kurani chuoni amekuja kuomba dua. Bi Zuhura aliponiona mlangoni alinitazama muda. Hakusema mbona ulipotea. Alisema tu, "Chetezo kiko uani, mwanangu. Udi nimekutolea ule mzuri."

Mwanangu. Bado alikuwa ananiita mwanangu.

Nikatoka uani, nikawasha makaa kwenye seredani. Makaa ya vifuu vya nazi, yanashika haraka na kufa haraka. Kila mwanamke wa hapa analijua hilo: makaa ya vifuu hayaachwi, unayasimamia, yakiwa mekundu unayachota papo hapo unaingia nayo. Mtoto wa kike anafunzwa hilo kabla hajafunzwa kupika chai. Lakini ndani maji yalikuwa bado yanamwagwa, nikajua nina nafasi. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Sauda alikuwa anacheza na kifuniko.

Timu yangu ilikuwa na mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda tunapanda daraja.

Nusu ya kwanza tu, nilisema.

Nusu ya kwanza ikaisha hatujafungana. Nani angefunga simu hapo? Nikambadilisha kiungo mmoja, nikawaambia wafunguke kidogo. Makaa yalikuwa mekundu, niliyaona kwa pembe ya jicho, mazuri, yananiangalia. Nikasema hayo hapo. Ile nusu ya pili ikaanza, Mzee Kipa akatoa mpira wa hatari, nikapiga paja langu mwenyewe kofi. Nilipotazama tena seredani ilikuwa nyeupe.

"Mama Sauda! Lete chetezo!" Ni mavyaa.

Nikaruka. Simu nikaisukuma kifuani ndani ya dera bila hata kusimamisha mechi. Nikachota yale makaa kwa koleo, yamevaa jivu juu, nami nikajidanganya kuwa chini yake kuna moto. Nikaingia.

Bi Zuhura alikuwa amesimama katikati ya chumba. Ameshaoga, nywele zimelowa na zimeachiliwa, amefunikwa leso mpya nyeupe yenye maua mekundu tangu kichwani, inashuka mpaka miguuni kama hema. Wanawake wamekaa ukutani kote. Dua imeanza. Nikapiga magoti, nikaingiza chetezo chini ya ile leso miguuni pake, nikamimina udi.

Hakuna moshi.

Nikangoja. Dua inaendelea, amina, amina. Udi umekaa juu ya jivu kama mawe.

"Puliza," mavyaa akaninong'oneza.

Nikapuliza. Nikapuliza kwa nguvu ya mtu mwenye hofu. Jivu lote likapanda. Likajaa ndani ya leso mpya, likamkalia Bi Zuhura kwenye nywele zile mbichi, kwenye shingo, kwenye miguu iliyotoka kupakwa mafuta. Nikamsikia anakohoa humo ndani. Na hapo hapo, bibi wa chuoni ameinua mikono, ametua apumue kati ya maneno mawili, chumba kizima kimenyamaza, kifuani mwangu umati ukapiga kelele.

Gooooo!

Na filimbi, na ngoma, na uwanja mzima wa nchi ya theluji.

Nilikishika kifua kwa mikono miwili kama mtu aliyepigwa. Haikuzima. Ilizidi, kwa sababu nadhani nilibonyeza kitu. Sauda, pale mlangoni, akarusha mikono yote miwili juu, "Goooo!"

"Toba!" akasema mtu. "Kumbe Mama Sauda kaja na wageni wake!"

"Haya kocha," ni sauti ya wifi Rehema, tamu kama sumu, "nani kafunga?"

Wakacheka. Kwanza kwa pua, wakijificha ndani ya mitandio, kisha wakashindwa. Hata bibi wa chuoni aliteremsha mikono akageukia ukuta. Mimi nilikuwa bado kwa magoti, uso chini. Nilikuwa natazama kitu kimoja tu, ile leso nyeupe. Mabega ya Bi Zuhura yalikuwa yanatikisika ndani yake. Na sikujua anacheka au analia. Ule ndio mlio uliokuwa ukitoka kwenye redio ya mumewe. Tangu azikwe mlio ule haujasikika chumbani mle, na siku ya kwanza kurudi umetoka kwenye matiti yangu, katikati ya dua yake.

Nikakitoa chetezo chini ya ile leso.

Mavyaa alinivua chetezo mikononi. Hakuninyang'anya, alinivua tu, polepole, kama unavyomvua mtoto kisu. Akasema, "Toka, mwanangu, upate hewa." Akaenda yeye kuwasha makaa mengine, na mkono uliomfukiza Bi Zuhura ukawa wake.

Kuna jambo moja limebaki, na nilijiapiza nitaliandika.

Nilitoka uani, nikaegemea ukuta. Ndani wameanza tena dua, harufu ya udi imeanza kutoka, harufu iliyopaswa kutoka mkononi mwangu. Machozi yananidondoka. Na nikaitoa simu kifuani kuizima, nikatazama matokeo kwanza.

Tulishinda. Tumepanda daraja. Msaidizi ameandika hongera kocha. Mzee Kipa kisura chake kijani.

Na nilifurahi.

Kwa muda wa kupepesa jicho tu, lakini nilifurahi, na ndilo linalonichoma kuliko jivu. Kuzimika makaa ni ajali. Furaha ile haikuwa ajali.

Sasa hivi wageni wametawanyika. Nilisikia viatu vyao, nikasikia masinia yakikusanywa, Rehema akiaga kwa vicheko. Tangu hapo upande wa pili wa ukuta kimya.

Kabla sijaanza kuandika haya, kwa simu hii hii, nilijaribu kuufuta huu mchezo. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikamfikiria Mzee Kipa na magoti yake, nikatoa kidole. Mnaona? Hata sasa namhurumia yeye kwanza. Nimejiuliza kama tatizo ni mchezo au ni mimi, na sidhani ni mchezo wote. Huko nimejifunza kusikiliza. Nimejifunza kuwa mtu hupoa kwa neno, na kuwa ukiahidi utimize. Najua sasa kwamba ninaweza kufanya mambo hayo. Sasa ilikuwaje nikawafanyia vidoa, na Bi Zuhura nikamwachia ukuta?

Mara mbili nimejifunga mtandio nikafika mpaka kizingitini pake. Nikarudi. Niseme nini? Shikamoo, samahani kwa jivu? Ninaogopa atanijibu marahaba ya heshima, ile wanayopewa wageni, na lile neno mwanangu sitalisikia tena. Hilo ndilo ninaloliogopa. Wacheke mtaa mzima, nitazoea. Lakini mama wa pili sitampata Shika Adabu hii yote, na wala sitaki mwingine.

Pengine kesho asubuhi. Nitampikia vibibi vya nazi anavyovipenda, nitamwachia Sauda atangulie na sahani, kisha nami nitaingia.

Oneni. Nimeandika kesho.

Ni ile "naja" yangu, nimeibadilisha nguo tu.

Sauda ameifunua ndimu yake iliyosinyaa. Ameinusa. Amesema, "Amepumzika, mama," na ameirudisha mstarini pamoja na wenzake. Kwake imekwisha, ameichezesha tena, hakuna maneno. Laiti watu wazima nasi tungekuwa

Ngojeni.

Ukuta.

Koko, koko. Sauda ameacha ndimu zake, ananitazama mimi, anautazama ukuta. Koko, koko tena, mpini wa mwiko, wallahi ni ule ule mpini, na sauti imekwaruza kidogo kwa jivu langu: "We Mama Sauda! Huyu mavyaa wako kanifukiza mkono mzito, sikunukia. Moto nimeuwasha mwenyewe huku, mwekundu, nausimamia. Njoo mwanangu unitie udi, na unambie huyo aliyefunga ni nani!"

Abee, Bi Zuhura, na leo sisemi naja, mtandio huu hapa, Sauda namwinua na ndimu yake mkononi, simu naiacha hapa hapa juu ya